Mwenye Kovu Usidhani Kapoa: Kutoka Batsinda Hadi Picha ya Kapteni Burton

Kaskazini mwa mji wa Kigali, katika Wilaya ya Gasabo, uko mtaa uitwao Batsinda. Jina hilo halimpi taabu msemaji wa Kiswahili. Kitenzi cha Kinyarwanda gutsinda na kitenzi chetu kushinda ni ndugu wa tumbo moja, na neno batsinda lina maana ya "wanashinda". Mgeni atokaye katikati ya mji huteremka mpaka Kinamba, huvuka bonde, hupanda upande wa Gisozi, kisha huendelea juu kuelekea Kagugu, mpaka azione nyumba za Batsinda zimejipanga ubavuni mwa kilima kama askari kwenye gwaride.

Mtaa huu una historia ya kuhama. Mwaka 2008 baadhi ya familia zilizokuwa zikikaa sehemu ya chini ya Kiyovu, karibu kabisa na katikati ya mji, mahali ambapo watu walipaita Kiyovu cy'Abakene, yaani Kiyovu ya maskini, zilihamishiwa huku. Familia ihamapo hubeba magodoro, sufuria, viti na ndoo. Vyote hivyo vyaweza kununuliwa tena. Kitu kimoja hakinunuliki, nacho ni picha iliyokuwa ikining'inia sebuleni. Ndiyo sababu akina mama wengi huifunga picha ndani ya kanga na kuipakata wenyewe njia nzima, huku meza na kabati zikirushwa garini na wapagazi.

Katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki, Batsinda ikiwemo, ukuta wa sebule ndio kitabu cha ukoo. Hapo pana picha ya harusi, picha ya babu aliyekwisha kufariki na picha ya binti siku alipohitimu masomo. Na ikiwa nyumbani humo yumo askari wa jeshi au wa polisi, haikosi picha yake akiwa amevaa sare: kofia imekaa sawasawa, vifungo vinang'aa, kifua kimetangulia, macho yanatazama bila kupepesa.

Aghalabu picha hiyo hupigwa siku ya kumaliza mafunzo. Kijana aliyemo bado hajalala handakini, hajampoteza rafiki, hajaonja risasi wala panga la jambazi. Miaka hupita. Baba hurudi nyumbani na mguu mzito, au na kovu shingoni, lakini picha ya ukutani hubaki vile vile. Watoto hukua wakiwa na baba wawili: yule wa ukutani asiye na alama yoyote, na yule wa mezani ambaye hawathubutu kumwuliza.

Je, picha ya askari yapasa ionyeshe nini? Swali hili si geni duniani. Lilimkabili mchoraji mmoja wa London zaidi ya miaka 150 iliyopita, na mtu aliyeketi mbele yake alikuwa amelipata kovu lake hapa hapa Afrika ya Mashariki.

ASKARI ASIYE NA SARE

Mchoraji huyo ni Frederic Leighton, na aliyechorwa ni Kapteni Richard Francis Burton. Kazi ilianza mwaka 1872, na picha ilionyeshwa kwa watu katika maonyesho ya Royal Academy mwaka 1876. Baada ya kifo cha Leighton mwaka 1896, picha iliingia katika jumba la makumbusho liitwalo National Portrait Gallery, mjini London.

Picha hii imechorwa kwa rangi za mafuta. Yafaa msomaji ajue kazi hiyo hufanywaje. Rangi husagwa hadi iwe unga laini, kisha huchanganywa na mafuta, hasa yale yakamuliwayo katika mbegu za kitani. Mafuta hayo hayakauki upesi. Mchoraji hupaka tabaka moja, akangoja, akapaka jingine juu yake. Akiona pua imepotoka leo, aweza kuinyosha kesho. Kamera hunasa nafasi ya kufumba na kufumbua jicho, lakini picha ya mafuta hukusanya siku nyingi za kumtazama mtu. Kwa hiyo kila kilichomo katika picha kama hiyo kimewekwa kwa kukusudia. Mchoraji alikuwa na muda wa kukifuta, naye hakukifuta.

Katika karne ya kumi na tisa maafisa wengi wa majeshi ya Ulaya walichorwa wakiwa na nishani kifuani, upanga kiunoni, na pengine farasi kando yao. Picha ya Burton haina hayo. Ni kichwa na mabega tu, nyuma yake giza la rangi ya udongo. Amevaa koti la kiraia. Nishani haionekani, wala upanga, wala cheo. Masharubu ni mazito, macho yamezama na kukaza, na uso umegeuzwa upande, kiasi kwamba mwanga unaangukia shavu. Na juu ya shavu hilo lipo kovu.

Inasimuliwa kwamba Burton alimsihi rafiki yake Leighton asimchore akawa mbaya wa sura. Huyu ni mtu aliyesafiri hadi Makka mwaka 1853 kwa kujigeuza umbo, na aliyeingia Harar mwaka 1855 akijua kwamba mji ule haukuwa ukiwapokea Wazungu. Hakuiogopa safari, ila aliuogopa mswaki wa mchoraji. Leighton angeweza kumgeuza kidogo tu, kovu likaangukia upande wa giza. Badala yake aliliweka mahali penye nuru, na kovu hilo likawa sare ya askari yule.

MKUKI WA BERBERA

Kovu lile lilitoka Berbera, mji wa pwani ya Wasomali. Mnamo Aprili 1855, maafisa wanne wa jeshi la Waingereza huko India walipiga kambi nje ya mji huo wakijiandaa kwa safari ya kwenda bara. Walikuwa Burton, John Hanning Speke, William Stroyan na Herne. Usiku wa kuamkia tarehe 19, kabla ya alfajiri, kambi ilivamiwa. Stroyan aliuawa. Speke alikamatwa, akachomwa mikuki mara kadhaa, hata hivyo akaponyoka. Burton alipigwa mkuki uliopenya shavu moja na kutokea la pili, ukang'oa meno na kujeruhi kaakaa. Alikimbilia pwani mkuki ukiwa ungali umekwama usoni.

Hapa msomaji aliyewahi kulinda zamu ya usiku atauliza swali la kwanza: walinzi walikuwa wangapi? Walikuwa wawili tu. Uchunguzi uliofanywa baadaye uliwalaumu maafisa hao, Burton akiwa mkuu wao, kwa kutoweka ulinzi wa kutosha. Burton hakuikubali lawama hiyo, lakini Stroyan alikuwa amekwisha kufa.

Basi kovu moja lilibeba habari mbili. Liliwaambia watu kwamba mtu huyu alikabili mauti na akasimama. Lilimwambia pia yeye mwenyewe, kila alipojitazama katika kioo, kwamba usiku ule ulinzi haukutosha na mwenzake hakurudi. Wahenga walinena: mwenye kovu usidhani kapoa. Ngozi hufunga katika majuma machache, bali usiku wenyewe huweza kubaki ndani ya mtu kwa miaka thelathini na mitano, kama alivyoishi Burton tangu Berbera mpaka alipofariki Trieste mwaka 1890.

WALIOSAHAULIWA NA MCHORAJI

Picha njema husema kweli, lakini haisemi kweli yote. Desemba 1856 Burton alifika Unguja pamoja na Speke, na mwaka uliofuata wakaondoka pwani kuelekea bara. Walifika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857, na Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika Februari 1858. Sifa za safari hiyo zilimfuata Burton hadi katika kiti cha mchoraji. Lakini njia ile hakuitembea peke yake. Walikuwamo wapagazi waliobeba mizigo vichwani, askari wa Kibaluchi wa Sultani Majid, na mtu mmoja aitwaye Sidi Mubarak Bombay.

Bombay alikuwa Myao. Alikamatwa utotoni akauzwa utumwani, akapelekwa India, akapata uhuru wake bwana wake alipofariki, akarudi Afrika. Burton alipomkuta mwaka 1857, alikuwa askari wa Sultani katika ngome moja karibu na Pangani. Tangu hapo hakukaa sana. Alikwenda na Burton na Speke hadi Ujiji. Agosti 1858 alikuwa na Speke alipoliona Ziwa la Viktoria. Akarudi tena na Speke na Grant kuanzia mwaka 1860. Akafuatana na Stanley mwaka 1871 kumtafuta Livingstone. Na kati ya mwaka 1873 na 1875 alilivuka bara zima pamoja na Cameron, toka pwani ya Bahari ya Hindi hadi Atlantiki. Mwaka 1876, mwaka ule ule picha ya Burton ilipoonyeshwa London, Shirika la Kifalme la Jiografia la Uingereza lilimtunukia Bombay nishani ya fedha. Alifariki mwaka 1885.

Sura ya Bombay imetufikia kupitia michoro midogo ya vitabuni, nayo ni sura ya askari aliyetembea maili nyingi kuliko mabwana zake. Kwa upande mwingine, vitabu vya Burton vimejaa maneno ya dharau juu ya watu wa Afrika, wakiwamo waliombeba machelani alipokuwa mgonjwa. Hayo nayo hayaonekani katika picha. Rangi ya mafuta yaweza kuonyesha kovu la uso, lakini ulimi hauchoreki.

NGAO YA MANENO

Burton hakukanyaga ardhi ya Rwanda. Speke, alipokuwa Karagwe kwa Rumanyika mwaka 1861, aliiona kwa mbali milima ya Virunga na akaishia hapo. Ilikuwa mwaka 1894 ndipo afisa wa Kijerumani, Gustav Adolf von Götzen, alipoipita nchi hiyo toka mashariki hadi magharibi. Wakati Burton ameketi mbele ya mchoraji mwaka 1872, Rwanda ilikuwa chini ya Kigeli IV Rwabugiri, mfalme wa vita vingi, aliyefariki mwaka 1895. Wapiganaji wake hawakuchorwa kwa mafuta. Je, walikosa picha?

La hasha. Kila mpiganaji alikuwa na picha yake, ila haikuwa ya kutundikwa. Iliitwa icyivugo, yaani majigambo ya shujaa, ambamo mtu hujitaja kwa jina lake la sifa na kuyaeleza matendo yake vitani. Vijana walijifunza kuyatunga na kuyasema katika itorero, pamoja na kucheza ngoma, kulenga shabaha na adabu ya kukaa na wakubwa. Mtu alisimama mbele ya wenzake, silaha mkononi, akayamwaga maneno kwa kasi pasipo kukwama. Aliyekwama alichekwa. Majeshi yenyewe yalikuwa na majina na historia zao, na padre mwanahistoria Alexis Kagame aliziandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1963. Hata neno lenyewe ni picha: kwa Kinyarwanda ingabo ni jeshi, na ingabo ni ngao. Mswahili husikia neno lake la nyumbani humo ndani.

Hata hivyo picha ya maneno nayo ina upungufu wake. Mtu ajisifupo hutaja adui aliyeanguka, wala hataji zamu aliyolala usingizi. Burton angetunga icyivugo cha Berbera, mkuki ungekuwamo, ila walinzi wawili wasingekuwamo. Picha ya mafuta humwonyesha mtu kovu bila kisa. Majigambo humpa kisa kisicho na kovu. Anayetaka kumjua askari kwa ukamilifu anahitaji vyote viwili, na juu yake jina lililo sahihi.

PICHA ZA GISOZI

Ukiteremka tena kutoka Batsinda kuelekea mjini, unafika Gisozi. Huko kuna mafundi seremala wengi, na sauti ya randa na msumeno husikika mchana kutwa. Kitanda, kabati, kiti, na hata fremu ya picha, vyote vyaweza kuagizwa. Na hapo Gisozi ndipo penye Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Kigali, iliyofunguliwa Aprili 2004. Zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 wamezikwa mahali hapo.

Ndani ya jengo hilo kipo chumba ambamo picha za kawaida za nyumbani zimetundikwa safu kwa safu. Ni picha zilizoletwa na jamaa waliosalia: mtu na mkewe siku ya arusi, watoto wamevaa nguo za sikukuu, mzee ameketi kitini, kijana amejiegemeza kwenye gari. Hakuna aliyekuwa akijipanga kwa ajili ya makumbusho. Walipiga picha ya kutundika sebuleni.

Wageni huingia chumba hicho wakizungumza, wakatoka kimya. Kila picha iliyopo pale yadokeza nyingine isiyokuwapo, kwa sababu nyumba nyingi zilichomwa au kuporwa pamoja na kila kitu kilichokuwa ukutani. Wako watu wazima katika Rwanda ya leo wasiokuwa na picha hata moja ya mama yao. Kwao, karatasi iliyofifia yenye ukubwa wa kiganja ingekuwa na thamani kuliko picha zote za mafuta zilizomo katika majumba ya Ulaya. Hivyo shughuli ya kutunza picha ya nyumbani si mapambo wala majivuno. Ni kazi ya ulinzi kama ulinzi mwingine wowote.

KAZI YA NYUMBANI

Familia ya askari yaweza kufanya nini? Mambo yenyewe ni mepesi, na hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, picha isitundikwe mahali papigwapo na jua moja kwa moja, wala juu ya ukuta uingizao unyevu. Katika miji yenye mvua za masika na za vuli kama Kigali, ukuta wa nje hutota, na karatasi hushika ukungu. Kioo cha fremu kisigusane na uso wa picha. Kipande chembamba cha karatasi ngumu pembeni chatosha kuvitenganisha, la sivyo picha hunata na kuharibika siku ya kuitoa.

Pili, nyuma ya kila picha paandikwe jina kamili la mtu, mahali na mwaka. Kalamu ya risasi inafaa kuliko wino, maana wino huweza kupenya au kuchafua picha ya pili. Pasiandikwe "baba" peke yake. Baada ya miaka arobaini, yule baba atakuwa babu wa watu wasiomjua.

Tatu, picha zilizomo ndani ya simu zisihesabiwe kuwa zimehifadhiwa. Simu huibwa, huanguka majini, na huzeeka. Zile zilizo muhimu zichapwe katika karatasi, na nakala moja ipelekwe kwa ndugu akaaye mji mwingine, ili moto wa nyumba moja usile ukoo mzima.

Nne, na hili ndilo gumu zaidi, ipigwe picha nyingine ya askari huyo kama alivyo leo. Asivishwe kofia ili kulificha kovu, wala asigeuzwe upande. Wakati huo huo aulizwe kisa chake, kwa heshima na kwa saa inayofaa, mkewe akiwapo, watoto wakiwa wametulia. Asipotaka kusema asishurutishwe. Ataona mlango umeachwa wazi. Akisema, jambo lisilo siri ya kazi liandikwe katika daftari: ilikuwa wapi, nani alikuwa pamoja naye, nani hakurudi. Jina la yule asiyerudi liandikwe kwa ukamilifu, kwa kuwa huenda hakuna daftari jingine duniani litakalolitaja.

Na mwenye kovu naye asione haya. Burton aliomba asichorwe mbaya, na Leighton hakumdanganya kwa kumrembesha. Watu wanaoitazama picha ile hivi leo hawasemi kwamba ni mtu mbaya wa sura. Husogea karibu na kuuliza kovu lile alilipataje. Hilo ndilo swali ambalo mtoto wa askari angependa kumwuliza baba yake, na pengine baba naye amelingojea kwa miaka mingi.

Jumapili ijayo, baada ya chakula cha mchana, kabla vyombo havijatolewa mezani, picha ya ukutani ishushwe, ifutwe vumbi, igeuzwe nyuma. Kama nyuma yake ni tupu, kalamu itafutwe hapo hapo.